Miwa hukaa shambani miezi 18, Sheria ya Fedha huja kila mwaka: mfanyabiashara mdogo apangeje?

Fundi wa Kibuye (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salamu kutoka Kisumu. Nina karakana ndogo karibu na soko la Kibuye, mashine mbili za kuchomelea, grinda tatu na vijana wanne, na kwa miaka kumi na mmoja sasa tumekuwa tukitengeneza milango, madirisha, viti na keria ambazo wanabodaboda hufunga nyuma ya pikipiki. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya viti arobaini.

Februari 2024 hoteli moja ya huku ziwani iliniagiza viti 40 vya bustani kwa Sh3,800 kila kimoja, jumla Sh152,000. Nilikuwa nimekwisha kununua mabomba na kukata miguu yote 160, ikiwa imepangwa ukutani kama kuni za msimu wa mvua, ndipo mhasibu wao akanipigia simu kuuliza iwapo ningeweza kumpa ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru (KRA). Mimi nilikuwa na kitabu changu cha risiti, kile cha karatasi ya kaboni, chenye muhuri. Mhasibu akanieleza kwa upole kwamba tangu Januari 1 mwaka huo, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati kampuni inapokokotoa kodi yake ya mapato. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Kwa hiyo kiti cha Sh4,500 kutoka kwa mwenye ankara, ukiondoa nafuu ya kodi, kinamgharimu Sh3,150, ilhali kiti changu cha Sh3,800 kinabaki Sh3,800 ile ile. Nilirudia hesabu hiyo kwa chaki kwenye mlango wa karakana mara mbili, nikakuta mama wa watu hakosei. Bei yangu nafuu ilikuwa imegeuka kuwa bei ghali bila mimi kuongeza hata shilingi.

Kujisajili kulinichukua siku tisa, na kosa lilikuwa langu: PIN yangu ya kodi ilikuwa imeunganishwa na laini ya simu niliyoipoteza zamani. Nilipomaliza, hoteli ilikuwa imeshagawa kazi, nikabakiwa na viti 20. Miguu 80 ilikaa pale hadi Agosti.

Naomba nieleweke. Sijaja hapa kulia kwamba serikali inatoza kodi. Barabara ninayopitishia mabomba haikujengwa kwa sadaka. Nilichokaa nikakitafakari ni jambo jingine, nalo ni jinsi kodi ya watu wa kiwango changu ilivyobadilika. Januari 2019 tuliwekewa kodi ya asilimia 15 ya ada ya leseni ya kaunti. Januari 2020 ikarudi kodi ya mauzo, asilimia 3. Aprili mwaka huo huo, korona ilipoingia, ikashushwa hadi asilimia 1. Julai 2023 ikapandishwa tena hadi asilimia 3, na kiwango cha juu cha mauzo ya wanaohusika kikashushwa kutoka Sh50 milioni hadi Sh25 milioni. Yaani katika miaka minne na nusu, mfumo ule ule umepinduliwa mara nne, kabla hata mashine yangu moja ya kuchomelea haijachakaa.

Asilimia 3 inaonekana ndogo mpaka uipeleke karakanani. Ile kazi ya Sh152,000, kama ingekamilika yote, ingetozwa Sh4,560. Mabomba, vijiti vya kuchomelea, rangi, mbao, umeme na ujira vingekula kama Sh121,000, nikabaki na Sh31,000. Kodi basi ni takribani asilimia 15 ya faida, na hilo naweza kulibeba. Lakini mteja akirudisha viti kumi vipakwe upya kwa sababu rangi imebambuka, faida inaweza kushuka hadi Sh9,000, na kodi inabaki Sh4,560 ile ile, kwa kuwa inahesabiwa juu ya mauzo. Fundi hawezi kupunguza hatari hiyo ila kwa kupandisha bei tangu mwanzo, na bei hataijua iwapo hajui kiwango kitakuwa kipi Julai ijayo.

Wakati huo huo sisi wa pande hizi tumeona sera ikifanya maajabu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kushikilia bomba huku mwalimu wangu akichomelea, na pikipiki zilizokuwa zikipita Kibuye ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Baada ya hapo hatukulala. Hakuna waziri aliyetuambia tutengeneze keria, wala vishikizo vya kubebea kreti za soda, wala kile kiunzi cha mwavuli. Mstari mmoja wa bajeti ulishusha bei ya pikipiki, na kazi zote hizo zikazaliwa nyuma yake zenyewe. Mnaofanya biashara ya miaka miwili au mitatu mbele katika nchi ambayo sheria ya kodi huandikwa upya kila Juni kwa Sheria ya Fedha, hupangaje?

Boda wa Busia

Fundi, umeanzia katikati, nami kama mtu wa mpakani siwezi kunyamaza. Bodaboda ilizaliwa huku kwetu miaka ya 1960, kwa baiskeli, wakati watu walipokuwa wakivushwa pamoja na mizigo yao katika lile eneo refu lililo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Jina lenyewe ni mwito wa mpanda baiskeli aliyekuwa akitafuta abiria wa kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo hata kabla ya VAT kuondolewa, sera ilikuwa imeshaizaa biashara hii bila kukusudia, kwa sababu waliopanga vituo vya forodha waliacha nafasi ambayo mtu mwenye magunia hawezi kuitembea.

La pili. Umetaja 2008 ukaruka 2015, mwaka ambao Sheria ya Ushuru wa Bidhaa iliweka Sh10,000 juu ya kila pikipiki. Waliokuwa wamekwisha kununua hawakuumia. Aliyeumia ni kijana aliyekuwa akiweka akiba kidogo kidogo katika chama, akikaribia kufika, kisha bei ikasogea mbele yake kama kivuli. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilichelewa miezi minne, na katika miezi hiyo minne niliendelea kumlipa mwenye pikipiki Sh300 kila jioni.

Mhasibu wa Nakuru

Fundi, pole kwa miguu 80, ila nitasimama upande wa mhasibu wa hoteli, na kwa kiasi fulani upande wa eTIMS.

Nafanya hesabu za maduka ya vipuri na mashamba machache kati ya Nakuru na Njoro. Kabla ya utaratibu huu, mfanyabiashara aliyeandika kila mauzo alikuwa akishindana na jirani aliyeandika nusu, na aliyeandika nusu ndiye aliyeshinda. Tena yale mauzo yako ya miaka kumi na mmoja, Fundi, yako wapi? Kesho ukienda benki kuomba mkopo wa mashine ya kukunja mabati, utapeleka kitabu cha kaboni? Wateja wangu wawili wamepata mikopo kwa sababu ankara zao zilionyesha mwezi baada ya mwezi nani aliwanunulia nini. Mdogo asiye na simu ya kisasa anaweza kutoa ankara kwa kubonyeza *222#, hata kwa simu ya kitufe. Kwa hiyo tusichanganye usumbufu wa wiki ya kwanza na ubaya wa jambo lenyewe.

Ninapokubaliana nawe ni kwenye kuyumba, na mfano wangu unauzidi wako. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Kumbukeni kwamba ule Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umeshaondolewa mwezi Juni baada ya maandamano, kwa hiyo haukuwepo wa kuchukua nafasi. Asubuhi ya Agosti 1 simu yangu ilianza kulia saa moja kasoro. VAT ya mafuta ni asilimia 16 au imerudi 8? Kodi ya mauzo ni 3 au 1? Mwenye petroli aagize leo au angoje? Agosti 20 Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo kwa muda, na Oktoba 29 ikaitengua. Wengi wanaikumbuka kesi hiyo kama siasa. Mimi nakumbuka wiki tatu ambazo nilipokea ada ya ushauri huku ushauri wenyewe ukiwa "subiri".

Mkulima wa Muhoroni

Wanangu, nimesoma yote. Mnalalamikia mwaka mmoja mmoja kwa sababu biashara zenu zina miguu ya haraka. Mimi ni mzee wa miwa. Mche ninaopanda leo nitaukata baada ya miezi 18, pengine zaidi mvua ikikataa, kisha nategemea machipukizi yake misimu mingine miwili au mitatu. Mkulima wa miwa anayepanda leo anaweka dau juu ya serikali ambayo huenda haijachaguliwa bado.

Ukanda huu wa sukari ulijengwa na sera tangu mwanzo. Kiwanda cha Miwani kilianza 1922 wakati wa mkoloni, lakini baada ya Uhuru ni serikali iliyosema nchi ijitosheleze kwa sukari, kikaja cha Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, na baadaye Nzoia na Sony (South Nyanza). Kila kiwanda kilileta kituo cha afya, shule, timu ya mpira na mji. Mwaka 2019 Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai, kwa madeni. Aliyepita Mumias mjini mwaka huo atakumbuka barabara zilivyokuwa pana na tupu.

Katikati ya hapo kulikuwa na kinga ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyozuia sukari rahisi kutoka nchi wanachama isimiminike bila kikomo. Ilirefushwa kwa zaidi ya miaka 20, lakini mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili tu, kama mgonjwa anayeongezewa dawa ya siku tatu tatu. Nani ananunua mtambo mpya wa kusaga kwa kinga ya miaka miwili? Viwanda viliendelea kusaga kwa mitambo mikuukuu, gharama ya kilo ikabaki juu, kisha watu wakashangaa kwa nini kinga inahitajika tena.

Niwape jambo nililoliona kwa macho. Mwaka 2023 miwa iliadimika hadi magari ya madalali yakawa yanalala kandokando ya mashamba. Jirani yangu alikata miwa ya miezi kumi na mmoja. Nilikwenda kumwonya, tukakaa chini ya mti wake wa mwembe, akachukua kipande, akakivunja kwa goti, akaninyoshea nionje. Kilikuwa na maji mengi kuliko utamu. Akaniambia, "Mzee, najua. Lakini karo ni ya Jumatatu." Julai mwaka huo mamlaka ya kilimo ikasimamisha usagaji kwa miezi minne ili miwa ikomae. Agizo lenyewe lilikuwa la haki kabisa kwa mmea. Ila mimi niliyekuwa nimevumilia, niliyekuwa na miwa ya miezi 19 tayari, nami nilifungiwa mlango pamoja na waliokata michanga, na miwa iliyopitiliza hupoteza uzito na sukari ikiwa imesimama shambani.

Sasa tuna Sheria ya Sukari ya 2024, iliyorudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4 ya kuendeleza zao, na mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali vimekodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Sitasema kama ni vizuri au vibaya kwa sababu bado ni mapema. Nasema tu kwamba 30 ndiyo namba ya kwanza niliyosikia kwa miaka mingi inayozidi umri wa miwa yangu.

Mwalimu wa Maseno

Mzee, shikamoo. Nafundisha biashara katika sekondari, na wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba uvumbuzi hutokea pale serikali inapokaa mbali. Huwa nawapa mfano wa M-Pesa, ambao huelezwa nusu tu.

Ilipozinduliwa Machi 2007 hapakuwa na sheria ya pesa za simu nchini. Benki Kuu ingeweza kusema ngojeni sheria, na pengine tungengoja hadi 2011, ilipopitishwa Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa. Badala yake ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, lakini kwa masharti, likiwemo kwamba fedha za wateja zikae katika akaunti ya amana benki na zisiguswe na kampuni. Mwishoni mwa 2008, wakati benki zilipokuwa zikilalamika, aliyekuwa kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na mapema 2009 wasimamizi wakasema hadharani kwamba ni salama. Kwa hiyo serikali haikukaa mbali. Ilikaa karibu, mikono ikiwa nyuma, na ilijua ni lini iitoe. Ushuru ulikuja 2013 ukiwa asilimia 10 ya ada, ukawa 12 mwaka 2018 na 15 mwaka 2023, biashara ikiwa imeshaota mizizi.

Linganisheni na sola. Vifaa vyake vilikuwa vimesamehewa VAT, 2020 msamaha ukaondolewa, 2021 ukarudishwa. Kuna mzazi wa shule yetu anayeuza taa na paneli huko Siaya kwa malipo ya awamu. Mwaka ule aliacha kuagiza, akangoja, na watoto waliokuwa wasomee taa hizo walisomea koroboi mwaka mzima. Hazina ilipata nini katika mwaka huo mmoja, sijui kama kuna aliyewahi kuuliza.

Mhasibu wa Nakuru

Mwalimu amenena vizuri, lakini naona uzi unaelekea kuuabudu uthabiti, nami natoka katika kaunti iliyouliwa na uthabiti. Angalieni pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Molo, Kuresoi, Njoro, milima yote hiyo ilikuwa myeupe kwa maua, na kwa miongo kadhaa Kenya ndiyo iliyoipa dunia sehemu kubwa ya pareto yake. Sheria haikuyumba hata kidogo: mnunuzi alikuwa mmoja tu, wa serikali, mwaka nenda mwaka rudi. Malipo yalipoanza kuchelewa, mkulima hakuwa na pengine pa kwenda, akang'oa akapanda viazi. Soko lilifunguliwa kwa wasindikaji binafsi kwa sheria ya 2013, wakati nchi nyingine, Australia ikiwemo kupitia jimbo lake la Tasmania, zilikuwa zimeshachukua wateja. Sheria mbaya isiyobadilika ni mbaya kuliko ile inayoyumba, kwa sababu inayoyumba angalau siku moja itakupitia ikiwa upande wako.

Mkulima wa Muhoroni

Hapo mhasibu amenishika. Nami nilimuuzia mnunuzi mmoja kwa miaka.

Fundi wa Kibuye

Ndugu zangu, asanteni. Nimebadili mawazo kidogo, nalisema wazi. Nilikuja nikiomba sheria isiguswe. Mhasibu amenionyesha kwamba kuna sheria zinazostahili kuguswa kesho asubuhi. Ninachotaka basi ni kidogo kuliko hicho: sheria ikibadilishwa Juni, isianze Julai. Ianze Julai ya mwaka unaofuata, ili aliyeweka bei, aliyekata bomba na aliyejiunga na chama wapate kumaliza walichoanza. Mzee wa Muhoroni atasema mwaka mmoja haumtoshi, na ana haki, ila hata yeye angepata kujua iwapo apande au akodishe shamba.

Boda wa Busia, nimekubali kusahihishwa kuhusu baiskeli. Marehemu babu yangu alikuwa na moja ya kubebea maziwa na sikuwahi kuihusisha na jambo hili.

Nina shauri moja lililo mezani sasa hivi. Muuzaji mmoja wa pikipiki za umeme anataka keria 200 za umbo tofauti, kwa kuwa betri inakaa mahali ambapo keria ya kawaida hufungwa. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya pikipiki hizo kuwa sifuri na kuziondolea ushuru wa bidhaa, na ndiyo maana anaweza kuziuza kwa bei inayokaribiana na za petroli. Ili nitengeneze keria hizo kwa haraka nahitaji kiunzi cha kukunjia chenye thamani ya Sh85,000, ambacho hakifai kwa kazi nyingine yoyote. Nikigawa gharama hiyo kwa keria 200, ni Sh425 kwa kila moja, na mteja amekataa kuzidi Sh200. Nikiigawa kwa 600, ni chini ya Sh142, na anakubali, lakini keria 600 ni kazi ya miaka mitatu kwa kasi anayouza sasa, yaani Sheria za Fedha tatu. Jana jioni vijana waliniuliza wasafishe ile nafasi ya ukutani kwa ajili ya kiunzi au la. Niliwaambia waisafishe, ila chuma chenyewe sijanunua. Mhasibu, kama una mteja aliyewahi kuandika katika mkataba kwamba bei itabadilika kodi ikibadilika, naomba unionyeshe alivyoiandika sentensi hiyo.

Mhasibu wa Nakuru

Ninayo. Nitaitafuta kesho nikifungua ofisi, niondoe majina na namba, niiweke hapa hapa. Usisaini kabla ya hapo.